Wachoraji nisaidieni: picha ya mwanamke inafanana naye kila kitu ila mwenyewe hayumo

Mchora_Changombe:

Wakuu habari za jioni. Mi nachora picha za watu hapa Dodoma mjini, rangi ya mafuta na akriliki, na oda nyingi ni za wanawake. Mama wa mtu, mke wa mtu, bibi harusi anayechorewa picha ya kuwekwa ukumbini siku ya send-off, mara nyingine mama anastaafu ofisini wenzake wanachanga wampe zawadi. Kufanana sio tatizo langu naomba hilo lieleweke, ukiweka kazi yangu pembeni ya picha ya simu huoni pua imehama wala jicho limepanda juu. Tatizo ni nikimaliza naisimamisha ukutani narudi nyuma naangalia, naona mwanamke mzuri, kapendeza, hereni zinang'aa, na hakuna mtu mle ndani.

Wateja wanatuma picha kwa WhatsApp, nyingi zimeshapitishwa filta, shavu laini halina hata kitundu, alafu ujumbe unafuata "fundi mtoe hivi vidoa", "fundi mng'arishe kidogo". Namng'arisha. Wanalipa wanashukuru wanaondoka. Ila usiku nikiingia mtandaoni nikaangalia Mona Lisa, au yule binti wa hereni ya lulu, au Tutu wa yule Mnaijeria Ben Enwonwu, hawa wanawake siwajui, sijawahi kukaa nao, lakini nahisi kabisa kuna kitu wanakiwaza na wamekizuia wasikiseme. Kwanini wa kwangu ambaye mwanae amekaa mbele yangu ananihadithia habari zake hana hicho kitu, na huyu wa miaka mia tano iliyopita anacho?

Kila nikiuliza naambiwa "macho kaka, macho ndio kila kitu". Macho nimeshayafanyia kazi mpaka kope moja moja inahesabika. Bado. Naombeni msinijibu kwamba ni kipaji, nataka vitu ambavyo kesho nikishika brashi nitavifanya.

Mwl_Kisasa:

Kijana swali lako ni zuri na nimefundisha sanaa muda mrefu, nakuambia hivi, macho yanasingiziwa. Mboni yenyewe haina hisia yoyote, ni duara na kitone cha mwanga. Hisia zinakaa sehemu ndogo sana za uso, zile ncha mbili za mdomo na kona za nje za macho, pale ngozi inapojikunja. Ukishazifunga kwa mstari mkali umeamua tayari huyu mtu anahisi nini, na akishaamuliwa amekwisha, hana tena cha kukuficha.

Sasa chukua Mona Lisa. Leonardo da Vinci aliianza karibu 1503, ubao wa mti wa mpopla, sm 77 kwa 53 tu, na mama mwenyewe inakubalika ni Lisa Gherardini mke wa mfanyabiashara wa hariri wa Florence. Nenda pale kwenye ncha za mdomo ukuze kwenye simu yako, utatafuta mstari hutauona. Kaweka makoti membamba mno ya rangi moja juu ya nyingine mpaka kivuli kinaingia kwenye mwanga bila mpaka, kama moshi. Kuna mtafiti wa Harvard, Margaret Livingstone, mwaka 2000 alieleza jambo la kisayansi kabisa, kwamba lile tabasamu lipo kwenye vivuli vipana na vivuli vya hivyo jicho la binadamu linavishika vizuri zaidi kwa pembeni. Kwahiyo ukimtazama machoni unamwona anatabasamu, ukishuka kumkagua mdomoni tabasamu linapungua. Ndio maana watu wanasema anabadilika. Anabadilika kweli, wewe ndio unambadilisha kwa kuhamisha jicho.

Na yule binti wa hereni ya lulu, wa mchoraji Mholanzi Vermeer, wa mwaka 1665 hivi, yupo makumbusho ya Mauritshuis kule The Hague, Uholanzi. Angalia pua yake. Kati ya pua na shavu la upande wa mbali hakuna mstari, rangi ni ileile moja imepita, wewe mtazamaji ndio unaijenga pua kichwani. Lulu yenyewe ni mipigo michache tu ya rangi, haina hata kikulabu cha kuning'inia sikioni. Pale nyuma tunapoona giza tupu wataalamu wa makumbusho hayo walitangaza 2020 kwamba palikuwa na pazia la kijani, limefifia kwa umri.

Wewe unachora kila kitu kwa ukali uleule kwa sababu simu inakupa kila kitu kwa ukali uleule. Kope inahesabika, nywele inahesabika, nyuzi za kitenge zinahesabika, mtazamaji hana kazi aliyoachiwa. Chagua sehemu moja au mbili ziwe kali, kwingine kote acha kingo zipotee. Ncha za mdomo zimalize mwisho kabisa, tena kwa kidole au brashi kavu.

Mchora_Changombe:

Mwalimu shikamoo. Nimetoka kuikuza ile pua ya binti sasa hivi, ni kweli mstari haupo, nimeiangalia hii picha miaka na sijawahi kuliona hilo. Nasubiri na wengine.

MamaZabibu_Hombolo:

Mwanangu mimi sio mchoraji, mimi nimechorwa, naomba niseme kutoka upande wa kwenye kiti maana naona mnaongea kama vile sisi tunaochorwa ni matunda yaliyowekwa mezani.

Binti wa dada yangu anasomea sanaa, aliniomba nikae anichore nyumbani. Mwanzoni nilikaa vile mwanamke anavyokaa mbele ya kamera, mgongo umenyooka, kidevu juu, midomo imebana kidogo isionekane pengo, tabasamu la picha ya harusi. Unajua lile tabasamu halikai. Baada ya muda mashavu yanauma, yanaanza kutetemeka, ukijaribu kulirudisha linakuja la uongo zaidi. Nikamwambia mwanangu mimi siwezi kukaa mikono mitupu, niletee karanga nimenye. Akaniletea ungo. Basi mikono ikaendelea na kazi, nikawa nawaza mambo ya shamba, tulikuwa tumemaliza kupogolea mizabibu na mtu aliyeahidi kuleta dawa hajaonekana, nikawaza na mambo mengine ambayo siyasemi hapa. Uso ukashuka wenyewe. Kile ndicho alichokichora. Picha ilipokamilika mume wangu alisimama akaiangalia akaniuliza, siku hiyo ulikuwa unawaza nini? Na tumeishi wote tangu ujana.

Sasa wewe umeletewa picha ya simu, imepigwa kwa sekunde moja, mama amejikaza, flashi imempiga usoni, halafu filta imemfuta. Unatafuta kilichomo ndani kwenye kitu ambacho mwenyewe alikifunga kabla hakijakufikia.

Na jambo la pili, angalia nani analipa. Hao wanawake wa zamani wa Ulaya wengi wao walichorwa kwa fedha za baba au mume, au mwanaume mwingine aliyewapenda. Binti wa dada yangu alinionyesha Ginevra de' Benci, huyo nae ni Leonardo yuleyule, alimchora kwenye miaka ya 1470 akiwa bado kijana, sasa yupo Washington. Nyuma ya ubao kuna maneno ya Kilatini kwamba uzuri unapamba wema. Wakamwekea na majani ya mreteni nyuma ya kichwa, maana jina la mti huo kwa Kiitaliano linakaribiana na jina lake, kila kitu kimepangwa kumsifia. Lakini uso wenyewe umekataa. Hatabasamu, ana rangi ya mtu aliyekesha, anakuangalia kama unamchelewesha. Mimi nilimpenda hapohapo. Aliyelipa alitaka uzuri na wema, mchoraji akamwachia mama wa watu na uchovu wake. Kwahiyo wateja wako wakikuambia mng'arishe, mwulize na mwenye sura anataka nini. Hujawahi kumwuliza yeye, nakuona.

Irangi_wa_Kolo:

Heshima kwako mama, karanga nimezielewa. Ila mi napinga kidogo hili la kwamba mtu akikaa sana mbele yako ndio utampata. Gertrude Stein, mwandishi wa Kimarekani, alikaa mbele ya mchoraji Picasso kule Paris 1905 na 1906, mwenyewe alisema ni mara kama 80 au 90. Mwisho wa yote Picasso akakifuta kichwa, akasema akimwangalia hamwoni tena, akaenda zake Hispania, aliporudi akauchora uso mwenyewe hayupo. Na ule uso ndio maarufu, mzito kama kinyago, upo makumbusho ya Metropolitan New York. Watu walimwambia Picasso picha haifanani na mwenyewe. Sasa hivi hakuna anayemkumbuka Stein kwa sura nyingine. Kukaa nae kulimsaidia sawa, lakini uso ulikuja baada ya kuondoka.

Na jingine, mbona wote mnaongelea sura tu? Mi ni mtu wa Kondoa, nimekulia karibu na michoro ya mapangoni ya Kolo, ile iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Kuna pango lina watu wembamba warefu wa rangi nyekundu, vichwa vikubwa vya duara, hakuna macho, hakuna mdomo, hakuna pua. Katikati yupo mmoja ambaye wengi wanasema ni mwanamke, wawili wamemshika mkono upande huu na wawili upande ule. Wapo wanaosema anatekwa, mwanaakiolojia Mary Leakey aliyeinakili michoro hii mwaka 1951 aliisoma hivyo, na wapo wanaosema ni ngoma ya matambiko anasaidiwa kusimama. Nimesimama pale na wageni wakabishana mpaka jua linazama. Wanabishana huyu mama anahisi nini, na uso hana! Mkono umevutwa, kiuno kimepinda, basi imetosha.

Rembrandt, yule mchoraji wa Kiholanzi, alilijua hilo. Mtafute Bathsheba wake wa 1654, yupo makumbusho ya Louvre, Paris. Wasomaji wa Biblia mnaijua habari, 2 Samweli 11, mfalme Daudi amemwona mke wa Uria anaoga, mume yuko vitani, mfalme anaagiza aletwe. Barua kwa Bathsheba kwenye maandiko haipo, hiyo wameiweka wachoraji. Mama amekaa uchi, ameshika karatasi na ameshaimaliza kuisoma, kichwa kimeinama, mtumishi anamsafisha mguu na yeye hata hamwoni. Walipopiga eksirei wakakuta kichwa mwanzo kilikuwa kimeinuka zaidi, Rembrandt akakishusha. Fikiria hapo, macho hakuyagusa kwanza, alishusha shingo. Na mwili wenyewe sio wa kurembwa, tumbo ni la mtu mzima, mkono mnene, na ni mzuri kuliko bibi harusi yeyote niliyewahi kumwona kwenye fremu.

Wewe hapo Dodoma unao wanawake wa Kigogo wanaopiga muheme, ngoma imebanwa katikati ya mapaja, mabega yanafanya kazi, shingo imetupwa nyuma. Ukimkata mama wa namna hiyo mabegani ukachora uso tu umemwacha nje zaidi ya nusu. Bathsheba bila ule mkono wenye karatasi asingekuwa na habari yoyote ya kutupa. Omba picha zenye mikono.

Rangi_ya_Udongo:

Mimi ni mchoraji pia, mwanamke, niko Makole. Yote mliyosema nayakubali ila naona hakuna aliyemgusa hapo kwenye "mng'arishe kidogo", na mi naamini hapo ndipo hao wanawake wa kaka wanapopotelea.

Kaka ukiambiwa mng'arishe unafanya nini? Unaongeza nyeupe. Ngozi nyeusi ukiichanganyia nyeupe inakufa palepale, inakuwa kijivu kama mtu kapakwa majivu, na vivuli ukiviweka nyeusi ya kwenye tyubu inakuwa shimo. Ngozi yetu haina nyeusi. Kaa na mama mweusi hasa mlangoni saa nne asubuhi umwangalie kwa utulivu, paji la uso linachukua bluu ya mbingu, shavu la chini na kidevu vinachukua wekundu wa udongo wa uani kwetu hapa maana jua la Dodoma linapiga chini linarudi juu, chini ya mdomo kuna kitu kama zambarau, kwenye masikio mwanga ukipita nyuma ni nyekundu kabisa. Mi naanza na kahawia nyekundu ya udongo na altramarini, ile bluu nzito, nyeusi nimeitoa kwenye boksi siinunui tena. Mwanga kwenye ngozi yetu ni mdogo, mkali na wa baridi, unakaa kwenye mfupa wa shavu na ncha ya pua, hausambai usoni kote. Ukiusambaza umemfanya doli.

Tutu uliyemtaja ndio huo ushahidi. Enwonwu alimwona Adetutu Ademiluyi, binti wa ukoo wa kifalme wa Ife kule Nigeria, akamchora 1973, na akarudia, zipo tatu. Ya pili ilikutwa kwenye nyumba ya watu London wenyewe hawajui thamani yake, ikauzwa mnadani 2018 zaidi ya pauni milioni moja. Angalia vivuli vyake, ni vya joto na vya baridi vinapishana, shingo ile ndefu imejaa rangi, na hakuna mahali kamwomba radhi mtu yeyote kwa weusi wake. Vita vya Biafra, pale Waigbo walipotaka kujitenga na Nigeria, vilikuwa vimeisha 1970, huyo ni binti wa Kiyoruba amechorwa na mtu wa Kiigbo, watu wa kule walimwelewa haraka kwanini ana heshima ile.

Na kuna mwingine nampenda kuliko wote, Madeleine. Marie-Guillemine Benoist alimchora Ufaransa mwaka 1800, mwanamke mweusi kutoka Guadeloupe, koloni la Ufaransa kule Karibi, amekaa na kilemba cheupe, titi moja wazi, anakutazama usoni. Utumwa kwenye makoloni ya Ufaransa ulifutwa 1794, ukarudishwa 1802, yeye amekaa hapo katikati. Miaka yote picha iliitwa kwa rangi yake tu, jina Madeleine limerudishwa kwenye maonyesho Paris 2019. Mimi sijui kumtazama bila hasira, kwa maana hakuna anayejua kama aliulizwa akubali kukaa vile. Lakini mtazame, hajaomba huruma. Amekukazia, na mdomo umetulia kwa namna ambayo unajua kuna jibu amelimeza. Mchoraji hakumng'arisha.

Sisemi lazima kila mtu afuate rangi halisi. Mchoraji wa Kimarekani Amy Sherald alipomchora Michelle Obama 2018 ngozi aliiweka ya kijivu makusudi, anawafanya hivyo watu wake wote ili usianze na rangi, na Michelle yumo mle ndani, kidevu kimeegemea mkono, amefikiri. Tofauti ni kwamba yeye kaamua. Wewe unaamuliwa na mteja.

Mchora_Changombe:

Dada nimekuelewa, na mama Hombolo shikamoo, umenigusa penyewe. Sasa nina swali ambalo ndio linanisumbua zaidi na sikuliandika mwanzo. Oda nyingi ni za marehemu. Mtu anakuja na picha ya kadi ya kura au pasipoti saizi imekwaruzika, anataka mama yake aliyefariki, hakuna cha kumkalisha mlangoni wala cha kumpa karanga. Hapo mnafanyaje?

Mwl_Kisasa:

Hilo ni kongwe kuliko hao wa Ulaya wote tuliowataja. Misri, eneo la Fayum, karne ya kwanza mpaka ya tatu baada ya Kristo, walichora sura za watu kwenye mbao nyembamba, nyingine kwa nta iliyochanganywa na rangi, wakazifunga juu ya uso wa maiti iliyokaushwa. Wanawake wengi tu, hereni za lulu, nywele zimesukwa, na macho makubwa kuliko ya kawaida. Zilikuwa za msiba, lakini mchoraji hakumpa mtu sura ya marehemu. Kavuli kadogo chini ya jicho, midomo haijasawazishwa, mmoja ana wasiwasi na mwingine kama anataka kucheka.

Wewe usianze na ile pasipoti. Kaa na watoto wake kwanza, waulize mama akikasirika alikuwa anafanyaje mdomo, akisikiliza mtu alikuwa anainamisha kichwa upande gani, alikuwa anavaaje khanga siku ya kawaida ya nyumbani. Watabishana, waache wabishane na wewe uandike.

Rangi_ya_Udongo:

Naongezea la mwalimu. Mkalishe binti yake au mdogo wake yule anayefanana nae, mlangoni, jua lisimpige moja kwa moja, flashi izimwe, mpige picha nyingi bila kumwambia atabasamu, huku anakusimulia habari za mama. Vivuli na rangi ya ngozi uvitoe hapo, vipimo vya uso uvitoe kwenye kadi. Kama pasipoti haionyeshi tabasamu usilibuni, watoto watakusifia siku ya kwanza kisha wataanza kusema huyu sio mama. Na chukua oda kwa bei inayolipa huo muda wa kukaa nao, ukichaji sawa na ya kunakili picha ya WhatsApp utarudi kwenye kunakili ndani ya mwezi.

MamaZabibu_Hombolo:

Na vile vidoa mwanangu uviache. Mama yangu alikuwa na alama ya kuungua shavuni, alianguka kwenye jiko la mafiga akiwa mtoto. Picha tuliyomchoreshea aliyeichora aliifuta kwa wema tu, akiamini anatusaidia. Wajukuu wakiuliza bibi alikuwaje nawaonyesha ile ya kitambulisho.